Kabla ya Kubonyeza Saa

Ufunguo wa kabati la vipimo nilikaa nao siku tano baada ya kuagwa. Keki ilishakatwa, blanketi na ndoo mbili za zawadi zilishafika nyumbani kwangu, na risala ilishasomwa ikinisifu kwa mambo ambayo nusu yake aliyafanya mtu mwingine. Mwalimu Neema, anayechukua madarasa ya chini baada yangu, alinijia mara mbili kuomba ufunguo, na mara mbili nikamwambia bado. Nadhani alihisi bibi anaringa. Hakukosea sana, lakini sababu nilikuwa nayo, na ninaiandika hapa ili yeye na wenzake waisome wakipata nafasi.

Sitaandika habari za madaraja na mishahara. Hizo kila mtu anazo kwenye faili lake, na za kwangu hazina mkasa. Nitaandika habari za kumpima mtoto mdogo kama anajua kusoma, kazi niliyoianza nikiwa msichana na kuiacha wakati magoti yalipoanza kulalamika kila nikikaa kwenye viti vya watoto. Watu huiona ni kazi ndogo. Unampa mtoto karatasi, anasoma au hasomi, unaandika. Hata mimi niliiona hivyo, na kwa kuiona hivyo nilikaribia kumtoa mtoto mmoja shuleni kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nilitoka Tabora nikiwa na sanduku la bati, cheti cha ualimu na nguo za watu wa joto. Niliposhuka Katesh mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na wingu hadi kiunoni na upepo ulikuwa unapita kwenye mifupa. Mtu wa kwanza kunihurumia alikuwa mama muuza chai, aliyenitazama akasema, "Wewe ni mwalimu mgeni. Walimu wageni wote wanakuja bila sweta." Shule niliyopangiwa ilikuwa upande wa Dirma, na siku hiyohiyo nikakabidhiwa darasa la kwanza.

Watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati la wawili. Wengi nyumbani kwao walizungumza Kiiraqw au Kibarabaig, na Kiswahili walikutana nacho mlangoni kwangu. Nilifundisha kwa nguvu zote. Baada ya miezi michache nilikuwa nikielekeza fimbo kwenye ubao na darasa zima linasoma ukurasa mzima kwa sauti moja, paa linatetemeka. Nilimwandikia mama yangu barua kwamba watoto wangu wote wanasoma. Mama alinijibu kwamba amefurahi, na je, nimenunua sweta?

Siku moja Mwalimu Tsere alisimama mlangoni akasikiliza. Alikuwa mwenyeji, mkongwe kuliko wote pale shuleni, mwenye koti moja la kijivu ambalo mifuko yake ilikuwa imejaa chaki kuliko stoo ya shule. Watoto walipomaliza kuimba ule ukurasa, aliingia, akatoa mfukoni kipande cha boksi la viatu kilichotobolewa tundu katikati, upana wa neno moja.

"Mwalimu Rukia," aliniambia, "nikuazime dirisha langu."

Alikiweka juu ya kitabu cha mtoto wa dawati la mbele, mtoto niliyekuwa namtegemea kuliko wote, tundu likaonyesha neno moja tu la katikati ya ukurasa. Mtoto akalitazama. Akanitazama mimi. Akaanza kusema ukurasa ule tangu mwanzo, kwa kunong'ona, ili alifikie lile neno kwa kuhesabu. Alipotea njiani. Tulizunguka darasa zima na lile dirisha, na waliosoma kweli walikuwa watano.

Nilikwenda stoo nikalia katikati ya majembe. Mzee Tsere akanifuata, akasimama nje kwa heshima mpaka nikafuta uso. Hakunibembeleza. Alisema, "Usilie, binti. Ijumaa nzuri hii. Sasa unajua Jumatatu utafundisha nini."

Sentensi hiyo nimetembea nayo miaka yangu yote ya kazi. Kila kipimo kilicholetwa mbele yangu, na vililetwa vingi, nilikiuliza swali la mzee: Jumatatu nitafundisha nini? Kipimo kikiniambia kwamba mtoto ana alama fulani juu ya alama fulani na kisiniambie anakwama kwenye sauti, kwenye silabi au kwenye kuelewa, nilikirudisha kabatini kikalale. Vingine vimelala huko mpaka leo, Neema utavikuta. Panya wamevisoma kuliko watoto.

Lakini kuna jambo moja la Mzee Tsere ambalo sikulichukua. Alipopima watoto alikaa nje, chini ya dirisha la ofisi, kwenye kigoda kifupi, ili macho yake na ya mtoto yalingane. Mtoto anakuja, anamwamkia. Mzee anaitikia, marahaba ndefu. Kisha anamuuliza habari za nyumbani, bibi ameamkaje, yule ndama mwenye baka jeupe anaendeleaje, na mtoto anamjibu taratibu, Kiswahili kikimshinda anamalizia kwa Kiiraqw. Ndipo kadi ya kwanza ya kusoma inatoka mfukoni. Kwa asubuhi moja mzee alimaliza watoto sita. Mimi nilimaliza ishirini, na moyoni nilimwona anapoteza muda wa serikali. Alipostaafu alikwenda kulima mahindi na maharage Nangwa, akaniachia lile dirisha. Kuhusu kigoda hakusema kitu, nami sikuuliza.

Miaka ikaenda, nikahamishwa shule, semina zikaanza kuja. Wale ambao hamkuwahi kukaa semina za wakati huo mmekosa soda na biskuti tu. Nisiwe mchoyo lakini, tulijifunza mambo mazuri humo. Tulijifunza kupima ngazi kwa ngazi: kwanza sauti za herufi, halafu silabi, halafu maneno, halafu maneno ya kubuni yasiyo na maana ili mtoto asikisie, halafu hadithi fupi na maswali yake. Tulijifunza kutumia saa ya kupimia sekunde, dakika moja kila ngazi. Niliipenda ile saa. Ilikuwa na kamba ya kuning'iniza shingoni, na nilipoivaa nilijiona mtaalamu.

Hadithi zilizoletwa nazo zilinipa kazi. Moja ilikuwa inahusu familia iliyosafiri kwa treni kwenda kumwona shangazi. Watoto wangu waliisoma vizuri, hata kwa mkato na kituo, na ukiwauliza baba alinunua nini kituoni, wanakutazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza treni inakula majani gani. Niliiandika upya kwa ndama aliyepotea siku ya ukungu, na watoto walewale waliojibu swali moja wakajibu manne. Basi ukichagua kipimo, Neema, soma hadithi yake kwanza kwa macho ya mtoto wa Dirma. Tena usiitumie hadithi moja miaka nenda rudi. Mwaka mmoja mtoto wa darasa la pili alinikalia kitini akaanza kunisomea hadithi kabla sijampa karatasi. Nikamuuliza ameijuaje. "Dada amenifundisha," akasema, kwa furaha ya mtu aliyekuja amejiandaa.

Kwa kuwa nilikuwa na mdomo na nilikuwa na saa, nilichaguliwa kuwafundisha walimu wenzangu wa kata namna ya kupima. Nilikuwa mkali. Mkufunzi wetu alikuwa ametusisitizia kwamba neno la ziada linaharibu kipimo: msomee mtoto maelekezo kama yalivyoandikwa, usiongeze, usipunguze, usimsaidie. Mtoto akinyamaza sekunde kumi mwanzoni, simamisha saa, andika sifuri, funga. Niliwaambia walimu wangu hivyo hivyo, na mmoja aliyezoea kuwatania watoto kabla ya kuanza nilimgombeza mbele ya wenzake. Nilimwambia hii ni kazi ya kitaalamu, siyo kijiwe cha kahawa.

Utaratibu ulikuwa kwamba mwalimu hapimi watoto wake mwenyewe, asije akawahurumia. Tulibadilishana shule. Mimi nilipelekwa shule moja ya mbali, kwenye mbuga za wafugaji, mwendo wa bodaboda kwenye udongo mweusi ambao ukinyeshewa unakamata tairi na kiatu bila kubagua. Nilifika nimechelewa, nimechafuka hadi magotini, na watoto wa darasa la pili walikuwa wamepangwa kwenye mstari wakinisubiri. Nilikaa mezani, nikapanga fomu, nikavaa saa, nikaanza.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mtoto aliingia, akasimama, akasema shikamoo kwa ile sauti ndogo ya mtoto mbele ya mgeni. Mimi nilikuwa naandika namba yake kwenye fomu. Nilisikia. Nasema kweli, nilisikia. Lakini fomu haikuwa na nafasi ya salamu, jua lilikuwa linakwenda, na nikaanza kusoma maelekezo yaliyoandikwa: "Hii hapa ni karatasi yenye herufi." Nikaweka karatasi, nikabonyeza saa. Wengine, hasa watoto wa walimu na wa wenye maduka, waliendelea wakasoma. Wengine walisimama kimya, mikono nyuma, macho chini. Sekunde kumi. Sifuri. Anayefuata.

Kwa wale wa kimya nilijaza fomu kumi na moja. Niliporudi jioni niliwaambia wenzangu kwamba shule ile hali ni mbaya. Nilisikitika kweli, yale masikitiko ya mtu ambaye kosa si lake.

Baada ya wiki chache, siku ya mnada, nilikuwa Katesh kwenye duka la dawa za mifugo la Bwana Hamisi, nanunua dawa ya kuku. Duka lilikuwa limejaa watu na fimbo. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mwenye shuka jeusi begani, ameshika chupa ya dawa ya kupe, anajaribu kumuuliza Hamisi inachanganywaje. Hamisi alikuwa anahudumia watu wanne kwa mikono miwili.

"Imeandikwa hapo hapo, mzee wangu," alisema bila kugeuka.

Yule mzee akampa chupa msichana aliyekuwa ubavuni kwake, wa miaka tisa hivi, mwenye gauni la shule lililopauka. Msichana akaigeuza chupa, akasogeza kidole chini ya maandishi, akasoma kwa sauti ya chini lakini bila kukwama: "Kwa mbuzi na kondoo. Kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. Usimwogeshe mnyama mwenye kidonda." Akamtafsiria baba yake kwa Kiiraqw, kisha akaongeza jambo lake mwenyewe kwa Kiiraqw na baba akatikisa kichwa. Baadaye nilijua alimkumbusha kwamba yule mbuzi mwekundu ana kidonda mguuni.

Mwalimu hajui kunyamaza dukani. Nilimwamkia mzee, akaitikia. Nikamwambia, "Mzee wangu, binti anasoma vizuri sana. Yuko darasa la ngapi?"

"Alikuwa la pili," akasema. "Sasa yuko na mbuzi."

"Kwa nini tena?"

"Shule wamesema hajui. Alikuja mwalimu mkubwa kupima, akasema huyu sifuri. Wakamrudisha darasa la kwanza kukaa na watoto wadogo. Analia kila siku. Nikasema basi, kama kichwa kimekataa, mbuzi hawana mtihani." Aliitaja shule. "Mimi ni Boay. Huyu Paskalina."

Nilimtazama yule msichana na yeye alikuwa ananitazama. Alikuwa ameshanitambua kabla yangu. Nilihisi joto limenipanda hadi masikioni, katika mji ambao haujawahi kunipa joto.

"Paskalina," nikasema, "mbona ile siku hukunisomea?"

Akamtazama baba yake kwanza. Baba akamruhusu kwa macho.

"Nilikuamkia, mwalimu," akasema. "Hukuitikia."

"Halafu?"

"Nikasubiri."

Boay hakuelewa tunachozungumza. Alipoelezwa na binti yake kwa Kiiraqw alinigeukia, na hakukasirika, jambo ambalo lingenisaidia. Alishangaa tu. Alinifafanulia taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba kwao mtoto akimwamkia mtu mzima na mtu mzima asiitikie, maana yake mtoto ana kosa au mtu mzima ana hasira. Anasimama pale pale, haondoki, haongei, mpaka aitikiwe. Akiongea amekosa adabu mara mbili. "Huyu amefundishwa hivyo," akasema. "Mama yake ni mkali."

Nilikuwa nimeishi Hanang zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa naamkiwa mara hamsini kwa siku na kuitikia hata nikiwa na mswaki mdomoni. Siku ile moja niliyovaa saa, nikaona nimefungwa mdomo na karatasi. Watoto kumi na mmoja walisimama mbele yangu wakifanya walichofundishwa na mama zao, nami nikawaandikia sifuri kwa wino mweusi.

Nilimwomba Boay jambo moja: Jumatano amlete Paskalina shuleni. Aliuliza kama Jumatano mbuzi watachungwa na nani. Nikamwambia sijui, lakini amlete. Akasema ataona.

Kutoka dukani nilikwenda moja kwa moja kwa Mratibu Elimu wa kata. Alikuwa mtu mwema, kijana kuliko mimi, na hakupenda habari zinazoanza na neno kosa.

"Mwalimu Rukia, taarifa ilishaenda wilayani."

"Basi twende na nyingine."

"Tutasema nini?"

"Tutasema mpimaji alikosea. Andika jina langu."

"Wewe ndiye uliyewafundisha wengine kupima," akasema, akishusha sauti kana kwamba kuna mtu mlangoni. "Ukisema wewe umekosea, watauliza na wengine je."

"Waulize. Na mimi nataka kujua."

 Akaniambia hana mafuta ya pikipiki wala posho ya siku ya kurudia. Nikamwambia sikumwomba. Akasema nikienda naenda kwa hiari yangu na atasema hakunituma. Nikamshukuru, maana ilikuwa ruhusa, imevaa koti la katazo. Usiku ule niliogopa, sitaficha. Niliwaza wilayani watasema nini, wenzangu niliowagombeza watacheka vipi. Yule mwalimu wa utani nilimwendea asubuhi yake, nikamwomba radhi mbele ya walewale niliomgombezea mbele yao. Alinijibu, "Marahaba, dada," na ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka kwa shida.

Jumatano nilifika shule ile mapema. Niliomba kigoda jikoni kwa mpishi wa uji, nikakiweka nje chini ya dirisha la ofisi. Saa niliitia mfukoni. Mwalimu mkuu aliwatoa watoto wale kumi darasa la kwanza, walikokaa magoti yakigonga madawati. Walikuwa kumi kwa sababu Paskalina hakuwepo.

Niliwachukua mmoja mmoja. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, hujambo? Sijambo. Umeamkaje, na nyumbani wameamkaje? Niliuliza habari za bibi, ndama na mvua. Nilikuwa mtu wa Tabora naiga mzee wa Kiiraqw, na nadhani niliiga vibaya, lakini watoto walinivumilia. Kisha nikatoa karatasi. Wa kwanza alisoma. Wa pili akasoma, polepole, akirudi nyuma kila anapokosea. Hadi saa nne walikuwa wamesoma sita.

Wanne hawakusoma. Niseme na hilo, maana kuna watu wanaopenda hadithi hii iishe kwa watoto wote kumeremeta. Niliwaitikia, niliwauliza habari za ng'ombe wote wa ukoo, tukacheka, na tulipofika kwenye herufi hawakuzijua. Marahaba haifundishi kusoma. Ila sasa niliamini sifuri yao, na nilijua kila mmoja amekwama wapi. Wawili hawakuzijua sauti, mmoja alijua silabi lakini hakuweza kuziunganisha, na mmoja alikuwa anakaza macho hadi machozi yanatoka, huyo alihitaji hospitali ya macho kabla ya mwalimu. Nilimkatia mwalimu wao dirisha la boksi la viatu, nikakaa naye mpaka tukapanga somo la Jumatatu.

Saa sita ilipita. Boay hajaonekana. Mwalimu mkuu aliniambia niende kabla mvua haijakamata barabara, na kwamba mzee yule akishaamua ameamua. Dereva wa bodaboda alipiga honi mara mbili. Nilimwambia asubiri, na asipoweza kusubiri aende, nitatembea. Nilikuwa nimeamua kwamba kigoda kile sitakiacha mpaka jioni, na wasipokuja nitawafuata nyumbani, tope au hakuna tope.

Walikuja saa nane, na mbuzi. Wote, kundi zima, maana hakuwa amepata wa kumwachia. Walijaa uwanja wa shule, wakaanza na bustani ya kabichi ya darasa la sita, na mwalimu mkuu akatoka mbio na ufagio. Boay akaja hadi pale nilipokaa, akaegemea fimbo yake, akasubiri. Paskalina akasogea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Paskalina. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo."

"Yule mbuzi mwenye kidonda anaendeleaje?"

"Kimekauka," akasema, na hapo akatabasamu kidogo. "Hatujamwogesha."

Nikampa karatasi ya ndama aliyepotea siku ya ukungu. Akaisoma yote, kidole chini ya maneno, bila kuniangalia tena. Nikamuuliza maswali matano, akajibu matano, na la mwisho alilijibu kwa kuongeza kwamba mwenye ndama alikosea, siku ya ukungu ndama hafunguliwi. Nililia. Nilikuwa mtu mzima na cheo cha kata, nikalia mbele ya mbuzi.

Boay hakujua kusoma, wala Kiswahili cha hadithi hakukielewa chote. Aliangalia tu uso wa binti yake, kisha wangu.

"Amemaliza?" akauliza.

"Amemaliza, mzee. Yuko darasa la pili. Alikuwa darasa la pili siku zote, mimi ndiye niliyekosea."

Akafikiri kidogo, akitazama mbuzi wake na mwalimu mkuu na kabichi.

"Basi kesho nitachunga mwenyewe," akasema.

Alichunga mwenyewe miaka mitano, mpaka Paskalina akamaliza la saba. Wilayani walipokea taarifa ya pili kwa manung'uniko, na walimu wa kata nzima wakarudia kupima wale wa sifuri. Mimi nilichukua kalamu nikaandika juu ya kila fomu iliyokuwa kabatini, kabla ya maelekezo ya kwanza: Itikia salamu. Subiri. Ndipo uanze. Fomu zimetolewa kopi na kopi ya kopi tangu hapo, na mwandiko wangu bado uko juu, umefifia. Siku ya kwanza Neema aliniuliza hiyo mistari ya kalamu ni ya nini, nikamjibu ni ya kizamani.

Kwa sababu sasa kuna kishikwambi, na kishikwambi hakina mwandiko wa mtu juu yake. Kina saa ndani, kina alama ndani, kinajumlisha chenyewe. Ni chombo kizuri, nimekijaribu. Ila nilitaka kuona jambo moja kabla sijaondoka, na jambo hilo haliwezi kuulizwa kwa mdomo, maana kila mwalimu ukimuuliza atakujibu ndiyo.

Ijumaa nilikwenda kukaa nyuma ya darasa na kikombe cha chai, mstaafu asiye na kazi. Neema alikuwa anapima darasa la pili. Mtoto mmoja mdogo, simjui wa nani, alisogea mezani akasimama, mikono nyuma.

"Shikamoo."

Neema alikuwa ameinamia kioo, kidole chake kinatafuta jina la mtoto, halafu kitufe cha kuanza. Nilibana kikombe kwa mikono yote miwili. Neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari, na nililizuia kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuzuia kitu chochote. Moja. Mbili. Tatu. Mtoto ametulia, macho chini. Nne.

Neema akainua kichwa. Akakilaza kishikwambi juu ya meza, kioo chini.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo? Nyumbani wameamkaje?"

Nilimwacha mtoto asome hadi mwisho. Kisha nikatembea hadi mbele nikauweka ufunguo mezani.